Saratani Haianzi Siku Uvimbe Unapoonekana

Chukua kitunguu maji kimoja, kiweke kwenye mdomo wa glasi yenye maji ili kitako chake kiguse maji kidogo tu, kisha kiache kwenye kona ya jiko kwa siku tatu au nne. Kitatoa mizizi myeupe, laini kama nyuzi. Ukikata milimita mbili za ncha ya mzizi mmoja, ukazilainisha kwa asidi hafifu, ukazitia rangi na kuzibana taratibu kati ya vioo viwili, darubini ya shule ya sekondari, hata ile kuukuu ambayo kioo chake kimeanza kufifia, itakuonyesha jambo ambalo kila mtu angestahili kuliona walau mara moja maishani: seli zimepangana kama matofali, nyingi zimetulia, na chache kati yake zimo katika kugawanyika. Ndani ya hizo chache utaona kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba maagizo ya seli, zilizokolea rangi, nyingine zimejipanga mstari katikati ya seli, nyingine zimeshaanza kuvutwa pande mbili. Kitunguu kina kromosomu 16, na kila seli mpya lazima iondoke na 16, si 15 wala 17.

Katika miaka niliyofundisha baiolojia nilikimaliza kipindi hicho kama walimu wengi wanavyokimaliza. Wanafunzi walichora hatua nne, wakazitaja kwa majina, profezi, metafezi, anafezi na telofezi, mtihani ukaja na kupita. Sikuwahi kuwaambia waisogeze slaidi. Ukiisogeza kidogo, ukaiacha ncha na kupanda na mzizi kuelekea kwenye kitunguu, seli hubadilika: huwa ndefu, tulivu, na hutaona hata moja inayogawanyika. Zimeacha. Hazikuacha kwa kuchoka wala kwa kukosa chakula. Zimeacha kwa sababu zimeamriwa kuacha, nazo zimetii. Mwili wa kiumbe chochote chenye seli nyingi, uwe wa kitunguu, wa kuku au wa binadamu, unasimama juu ya utii huo, na saratani ni habari ya seli moja iliyopoteza uwezo wa kutii na kisha ikazaa.

Ninachotaka kukisisitiza katika makala haya ni kwamba upotevu huo hautokei kwa siku moja. Mara nyingi huchukua miaka, pengine makumi ya miaka, tangu kosa la kwanza hadi uvimbe unaoshikika kwa vidole, na kwa nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako mashine za mionzi ni chache na dawa ni ghali, miaka hiyo ndiyo nafasi kubwa kuliko zote tulizo nazo. Lakini lugha tunayoitumia kuuzungumzia ugonjwa huu inaifuta miaka hiyo yote. Tunasema fulani amevamiwa na kansa, imemwangukia, imempata ghafla, kana kwamba kitu kimetoka porini wiki iliyopita kikamrukia. Ndugu wanakaa kikao na kuulizana ni nani kamtupia kitu. Swali la nini kilikuwa kikiendelea ndani ya mwili wake miaka 15 iliyopita halipati nafasi, na kwa kuwa haliulizwi, hakuna pia anayeuliza wakati ule kipi kingeweza kufanyika.

Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kuwa zaidi ya trilioni 30, na zote zimetokana na seli moja, yai lililorutubishwa. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alilisimamia jambo hili mwaka 1855, akasema kila seli hutoka kwenye seli nyingine. Kauli hiyo tumeizoea mno hata tunasahau uzito wake kwa habari ya saratani. Maana yake ni kwamba seli ya saratani nayo ina mama, na mama yake alikuwa seli ya kawaida ya mgonjwa mwenyewe. Si mdudu aliyeingia kutoka nje. Ndiyo maana kinga ya mwili mara nyingi huipita bila kuitambua barabara, na ndiyo maana dawa zinazoiua huwaumiza pia ndugu zake walio wazima.

Kabla seli haijagawanyika hunakili maagizo yake yote. Katika seli moja ya binadamu maagizo hayo yameandikwa katika kromosomu 46, kwa herufi za kikemikali za aina nne tu, nazo jumla yake ni kama bilioni 6. Uzi wote wa DNA ukiunyoosha hufika mita 2 hivi, na wote umekunjwa ndani ya kiini ambacho jicho tupu halikioni. Waandishi wa zamani wa Pate na Lamu, waliokaa wakinakili tenzi kwa mkono katika hati za Kiarabu, waliijua vizuri hatari ya kazi ya namna hii. Katika hati hizo ra na za hutofautiana kwa nukta moja tu; tone la wino likidondoka juu ya ra, neno kura linasomeka kuza. Mizani haijavunjika na mstari bado unapendeza kwa macho, lakini agizo ni jingine. Na atakayenakili kutoka kwenye karatasi hiyo atalichukua kosa pamoja na yote yaliyo sahihi, naye hatajua. Mabadiliko ya jeni ndiyo hayo: nukta iliyoanguka pasipo pake, ikarithiwa na kila nakala inayofuata.

Seli hujilinda dhidi ya makosa kwa namna inayostaajabisha. Kimeng'enya kinachonakili DNA hukosea takriban mara moja katika kila herufi 100,000, lakini chenyewe hurudi nyuma na kufuta, kisha vimeng'enya vingine hupita nyuma yake kukagua upya, hata mwisho wa yote linabaki takriban kosa moja katika herufi bilioni moja. Hiyo ni kazi safi kuliko ya karani yeyote. Hata hivyo, ukizidisha na bilioni 6, kisha ukakumbuka kwamba mwili hubadilisha seli mamia ya mabilioni kila siku, utaona kwamba hakuna mtu aliyefika utu uzima bila nukta zilizoanguka. Nyingi huangukia mahali pasipo na madhara. Ninalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa kumekuwa na mtindo wa kumhesabia mgonjwa dhambi: alikula nini, alivuta nini, aliishi vipi. Ziko saratani zisizo na mkosaji. Zilitokana na kazi ya kawaida ya kunakili, na mwenye kuzipata hana la kujibu.

Je, nukta moja inaweza kuleta nini? Mwaka 1982 watafiti waliochunguza seli za saratani ya kibofu cha mkojo walikuta kwamba jeni iitwayo RAS ilikuwa imebadilika herufi moja tu, G ikawa T. Herufi hiyo moja iliibadilisha protini inayopeleka amri ya kukua, ikawa haizimiki. Lakini amri ya kukua peke yake haitoshi, kwa sababu seli ina wakaguzi. Mkuu wao ni protini ya p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 17. DNA ikijeruhiwa, p53 husimamisha mgawanyiko mpaka jeraha litengenezwe, na likiwa halitengenezeki huiamuru seli ife. Takriban nusu ya saratani zote za binadamu zina jeni hii ikiwa imeharibika. Tembo tunaowaona Tarangire na Tsavo wana seli nyingi mno kuliko sisi na huishi miaka mingi, hivyo kwa hesabu ya kawaida wangepaswa kufa kwa saratani zaidi yetu, lakini hawafi hivyo. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba tembo hurithi nakala kama 20 za jeni ya p53 kwa kila mzazi, wakati binadamu hurithi moja tu kwa baba na moja kwa mama. Seli ya tembo ikijeruhiwa hufa upesi badala ya kuendelea kuzaa.

Kwa hiyo seli haiwi ya saratani kwa kuanguka mara moja. Lazima ipoteze ulinzi huu, halafu ule, halafu mwingine, na kila hatua inapofaulu seli huzaa watoto wengi kidogo kuliko majirani zake, na miongoni mwa watoto hao ndimo hatua inayofuata itakapotokea. Ndiyo sababu saratani nyingi ni za umri mkubwa. Kwamba kosa moja halitoshi, Alfred Knudson wa Marekani alilionyesha kwa hesabu mwaka 1971, kwa kuchunguza habari za watoto 48 wenye saratani ya jicho. Ni ile saratani inayoifanya mboni ya mtoto ing'ae weupe kama jicho la paka, hasa akipigwa picha kwa mwanga mkali. Knudson aliona kwamba watoto wenye ugonjwa katika macho yote mawili huugua mapema kuliko wenye ugonjwa katika jicho moja, akaeleza kwa nini: kila seli ina nakala mbili za jeni inayozuia, na zote mbili lazima ziharibike. Mtoto aliyezaliwa tayari ana nakala moja mbovu katika kila seli ya mwili wake anahitaji ajali moja tu. Mwingine anahitaji mbili katika seli ile ile. Mama anayeona weupe huo katika jicho la mwanawe asingoje wiki ipite, na asiambiwe kwamba ni mtoto tu kukodoa macho. Saratani hii ikiwahiwa, mtoto hupona, na mara nyingine hata jicho huokolewa.

Nimetumia neno ajali, lakini ziko ajali zenye chanzo kinachojulikana, na kimoja kati ya vyanzo hivyo kimo katika maghala yetu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 maafa ya aina hiyo yaliwafika watu wa Dodoma na Manyara. Vifo vile viliandikwa magazetini, na ilikuwa sawa viandikwe. Ambacho hakiandikwi ni mtu anayekula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka 20 bila kuumwa hata tumbo.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Ikifika kwenye ini, ini hujaribu kuivunja ili itoke mwilini, na katika jitihada hiyo huigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania herufi G ya DNA. Seli inaponakili sehemu hiyo husoma vibaya, na mahali pa G hukaa T. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza saratani za ini za wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika walikuta mabadiliko hayo hayo yakijirudia mahali pale pale, katika agizo la 249 la jeni ya p53. Ni sawa na alama ya kidole iliyoachwa ukutani. Mkaguzi mkuu wa seli amelemazwa, na aliyemlemaza ameacha jina lake. Msomaji apime maana ya jambo hili: ndani ya uvimbe wa ini la mzee wa miaka 50 inawezekana kusoma kile alichokuwa akikila tangu ujana wake.

Kupika ugali hakuiondoi sumu hii, kwa kuwa moto wa jikoni hauivunji. Inaondolewa kabla ya jikoni: kwa kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kwa kuhakikisha yamekauka barabara kabla ya kuingia ghalani, na kwa kuchambua. Kila aliyewahi kukaa kibarazani na ungo wa karanga anaijua ile iliyosinyaa, yenye rangi iliyofifia, ambayo ukiitafuna kwa bahati mbaya uchungu wake hukufanya uiteme papo hapo. Ulimi unatenda haki pale. Tatizo ni kwamba karanga za aina hiyo zikitengwa, badala ya kutupwa huweza kusagwa, na zikishasagwa jicho halizioni tena na ulimi unadanganywa na sukari au chumvi. Kwa mtu mwenye homa ya ini ya B hatari haijumlishwi tu bali huzidishwa, kwa maana ini lake linakufa na kujikuza upya kila siku, na kila kujikuza ni kugawanyika, na kila kugawanyika ni kunakili. Chanjo ya homa ya ini ya B ambayo watoto wetu hupewa wakiwa wachanga ni chanjo ya saratani, ingawa ni nadra sana mama kuambiwa hivyo anapombeba mtoto kwenda kliniki.

Mfano ulio mkubwa zaidi kwetu ni saratani ya shingo ya kizazi, ambayo nchini Tanzania huongoza kwa wanawake. Mwaka 2022 duniani kote iligunduliwa kwa wanawake wapatao 660,000 na kuua 350,000 hivi, na karibu wote waliokufa, asilimia 94, walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Chanzo chake ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, jambo lililothibitishwa kwa kazi ya Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyevitambua virusi vya aina ya 16 na 18 katika saratani hizo mwaka 1983 na 1984 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili peke yake husababisha kama asilimia 70 ya saratani zote za shingo ya kizazi.

Hapa ndipo ninapotamani tungerudi kwenye kile kitunguu. Ngozi laini ya shingo ya kizazi imepangwa kwa matabaka. Tabaka la chini kabisa ndilo linalogawanyika, kama ncha ya mzizi. Seli zinazopanda juu huacha kugawanyika, zinakomaa, mwisho hubanduka. Kirusi huingia kupitia michubuko midogo na kufikia tabaka la chini. Kinataka kujinakili, lakini hakina mitambo ya kunakilia, na seli zinazopanda juu zimeshazima mitambo yao. Basi kirusi hutoa protini mbili. Ya kwanza, iitwayo E7, huishika ile protini ya kuzuia ambayo kuharibika kwa jeni yake ndiko kunakoleta saratani ya jicho la mtoto, na seli ikaendelea kugawanyika mahali ilipopaswa kutulia. Ya pili, E6, huisukuma p53 ivunjwe, ili mkaguzi asije akasimamisha kazi. Kirusi hakikukusudia kuleta saratani. Haikisaidii kwa lolote. Lakini seli iliyoachwa ikinakili bila mkaguzi hukusanya makosa yake yenyewe mwaka hadi mwaka, na siku DNA ya kirusi inapojipachika ndani ya kromosomu ya seli, njia ya kurudi huwa nyembamba sana.

Wanawake wengi hupata kirusi hiki, na tisa katika kila kumi kinga zao hukiondoa ndani ya miaka miwili hivi bila wao kujua. Kwa wale ambao hakikuondoka, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kutokea. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kama anayeishi na VVU bila tiba, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi ya mwenzake. Miaka hiyo 15 si ya kukisia. Huweza kuonekana kwa macho, na kifaa chake ni siki. Muuguzi hupaka kwenye shingo ya kizazi asidi ya siki ya kipimo cha asilimia 3 hadi 5, husubiri dakika moja, huangalia kwa taa. Mahali penye seli zilizobadilika hugeuka peupe, kwa kuwa seli hizo zina viini vikubwa vilivyosongamana, vimejaa protini, na asidi huigandisha protini kama joto linavyougandisha ute wa yai. Palipo na seli za kawaida hubaki pa waridi. Doa likiwa dogo na halijafikia kuwa saratani, huunguzwa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na mama hurudi nyumbani kwa miguu yake.

Ukilifikiria tendo hilo utaona limebeba somo zima la baiolojia ya seli. Ule weupe ni mgawanyiko usiotakiwa, umeonekana mapema. Ninaamini kwa dhati kwamba mwanamke aliyeelezwa hivi, kwa Kiswahili anachokitumia sokoni na nyumbani, atakwenda kupimwa kwa moyo tofauti na yule aliyeambiwa tu kwamba ni muhimu kupima afya. Huyu wa pili akijiona mzima ataahirisha, na hana kosa, kwa sababu hatukumwambia kwamba kipimo hiki ni cha watu walio wazima. Akianza kutokwa damu isiyo ya kawaida na maumivu ya kiuno, siki imeshapitwa na wakati, naye safari yake ni ya Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali nyingine kubwa iliyo mbali na kwao.

Kuna imani nyingine inayotokana na kuisahau miaka ile, nayo huua kimyakimya. Wapo wanaosema uvimbe ukiguswa na kisu unachachamaa, hivyo daktari akitaka kuchukua kinyama cha kupima, ndugu hukataa. Ninaelewa imani hii ilikotoka. Watu waliona mgonjwa amepelekwa hospitali akiwa bado anatembea, akachukuliwa kinyama, na baada ya miezi mitatu wakamzika. Walichokiona ni kweli, walivyokifasiri si kweli. Seli zilikuwa zimekwishatoka kwenye uvimbe na kusafiri kwa njia ya damu na limfu muda mrefu kabla ya kisu, na kisu kilifika mwisho wa hadithi kikabebeshwa lawama ya mwanzo. Kuchukua kinyama kwa utaratibu wa kitabibu hakuanzishi saratani, na bila kinyama hicho daktari hawezi kujua ni saratani ya seli zipi na dawa ipi inazifaa.

Sisemi kwamba saratani zote hutembea polepole. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt kutoka Ireland alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, kisha akawakuta wengine wenye hali hiyo hiyo, na mwaka 1958 akauandikia ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London waligundua kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe kutoka Uganda. Katika saratani hiyo kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuungwa kwenye ya 14, jeni ya kukuza ikaangukia mahali panapofanya kazi bila kupumzika, na uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Tibakemikali huzipiga seli zikiwa katika kugawanyika, na hizi hugawanyika karibu wakati wote, hivyo uvimbe huyeyuka upesi. Nywele za mgonjwa hudondoka kwa sababu hiyo hiyo: mzizi wa unywele nao hugawanyika kila siku, na dawa haijui kuutenga.

Nitajibiwa kwamba ninaweka mzigo mkubwa mno juu ya maelezo, wakati tatizo ni nauli, foleni, na mashine iliyoharibika. Nakubali sehemu kubwa ya jibu hilo. Mwanamke anayelazimika kulala njiani ili afike penye huduma hakosi elimu, anakosa huduma, na hakuna somo la seli litakalochukua nafasi ya bajeti. Lakini huduma ya siki haihitaji mashine ya mabilioni, na turubai la kuanikia mahindi halihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Mambo haya mawili hushindwa pia mahali ambapo vifaa vipo, na hapo ndipo ninapoona kazi ya maelezo. Tena inanisikitisha kwamba mwanafunzi wetu hujifunza mgawanyiko wa seli kwa Kiingereza cha kukariri, kisha hurudi nyumbani akashindwa kumweleza bibi yake kwa nini kipimo kinafanywa kwa siki.

Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2020 lengo la kufikia mwaka 2030: wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35 na tena 45, na 90 katika kila 100 wenye dalili za seli kubadilika au saratani wawe wametibiwa. Rwanda ilianza chanjo ya HPV kitaifa mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Ushahidi kwamba dozi moja inatosha ulitoka pia kwetu: utafiti uliofanywa kwa wasichana wa Thika, Nairobi na Kisumu, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina ya 16 na 18 baada ya miezi 18, na Mwanza walipima nguvu ya kinga katika damu ya wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tangu mwaka 2024 Tanzania hutoa dozi moja kwa wasichana wa umri huo.

Swali ambalo wazazi huuliza zaidi ni kwa nini mtoto mdogo hivyo. Wengine huliuliza kwa hasira, wakihisi binti yao anatuhumiwa jambo ambalo bado hajalijua. Jibu liko katika lile tabaka la chini. Chanjo hufundisha damu kukikamata kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Kikishaingia na kuanza kutoa zile protini mbili, chanjo haina uwezo wa kukitoa. Lazima itangulie, na itangulie kwa nafasi, wakati ambapo kinga ya mwili wa mtoto inaitikia vizuri kuliko itakavyoitikia baadaye. Binti wa miaka 9 anayechanjwa leo hachanjwi kwa ajili ya mwakani, anachanjwa kwa ajili ya miaka yake ya 30 na 40. Na mama aliyemsindikiza kituoni, kama ametimiza miaka 30 na hajawahi kupimwa, au miaka 25 kama anaishi na VVU, amwulize muuguzi huyo huyo siku hiyo hiyo chumba cha kipimo cha siki kiko wapi.